Vipimo vya Bafu la Mama Mkwe

Bariadi,
6 Januari 1975

Kwa Fundi Gharib Salimu,
Seremala, Binza, Maswa

Ndugu Gharib,

Salamu. Jina langu ni Mahona Januarius, karani wa mizani ya pamba hapa Bariadi. Meza ya ofisi yetu uliitengeneza wewe miaka mitatu iliyopita na mpaka leo haijatikisika, ndiyo maana nakuandikia wewe na si fundi wa karibu.

Nahitaji kabati la kunawia, lenye sinki juu na milango miwili chini, likae bafuni kwangu kutoka ukuta hadi ukuta. Bafu ni dogo. Upana ni futi nne na inchi mbili. Maji yatatoka kwenye pipa nitakaloliweka nje juu ya nguzo, yaingie kwa bomba moja na machafu yatoke kwa jingine.

Anayetengenezewa ni mama mkwe wangu, Mama Nyanjige, ambaye ni mjane. Anaishi nasi tangu mwaka jana, watu wa Shishiyu walipohamia kijiji kipya na nyumba yake ikabaki porini. Mwezi wa kumi na moja aliinama bafuni kuchota maji kwenye beseni lililokuwa chini, akateleza, akavunjika nyonga. Sasa yuko hospitali na mke wangu Klementina yuko naye. Daktari amesema atatembea kwa fimbo lakini asiiname tena. Mama naye amesema kwamba kama hawezi kuoga na kunawa bila kushikwa na mtu, kwangu harudi. Atakwenda kwa mdogo wake Sayi, huko kijiji kipya. Kwa Sayi maji ni ya kufuata mbali na bafu ni uzio wa mabua. Sidhani kama atamaliza mwaka kule.

Anatarajiwa kutoka katikati ya mwezi wa tatu. Naomba kabati liwe limefungwa kabla ya hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mahona Januarius


Binza,
11 Januari 1975

Ndugu Karani,

Barua yako nimeletewa na utingo wa lori la mbegu. Meza ile naikumbuka vizuri. Mlitaka droo tatu mkanipa mbao za droo mbili.

Sinki ninalo. Lilitoka nyumba ya meneja mmoja wa zamani aliyerudi kwao, limekaa chini ya kitanda changu mwaka wa nne sasa, na mke wangu Siwema amelichoka, analilowekea maharage. Lina ufa mdogo pembeni ambao hauvuji. Mninga ninao, mkavu. Kinachonipa taabu ni wewe. Umeniandikia kipimo kimoja kama mtu anayeagiza kitanda. Kabati la ukuta hadi ukuta halitengenezwi kwa kipimo kimoja, kwa sababu kuta za nyumba zetu hakuna hata moja iliyosimama wima. Nataka upana mara tatu: sakafuni, usawa wa kiuno, na usawa wa kichwa. Nataka pia kujua mlango unafungukia ndani au nje, na ukifunguka unafika wapi.

Halafu nataka kimo cha mama kutoka chini mpaka kwenye kiwiko, akiwa amesimama. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Sinki likiwa juu mno maji yatamtiririkia mikononi mpaka kwapani, likiwa chini mno atainama, na akiinama umepoteza mbao zangu na mama yako. Nipe kiwiko chake.

Kuja kupima mwenyewe siwezi. Nina madawati sitini ya shule ya kijiji kipya, na mwenyekiti wa kijiji anapita hapa kila asubuhi kuyaangalia kabla hajanywa chai.

Salamu kwa mama, apate nafuu.

Gharib Salimu, Seremala


Bariadi,
17 Januari 1975

Ndugu Gharib,

Majibu ya maswali yako ni kama ifuatavyo. Upana wa chini ni futi nne inchi mbili. Upana wa kiunoni ni futi nne inchi mbili. Upana wa juu ni futi nne inchi mbili. Kuta zangu zimenyooka. Mlango unafungukia ndani, upande wa kulia, na nafasi inatosha.

Kuhusu kiwiko cha mama, ni jambo ambalo mimi siwezi kulijibu. Tumia kimo cha kawaida cha mwanamke mtu mzima, au nitamwandikia mke wangu kama ni lazima.

Nyumbani niko peke yangu kwa sasa. Mwanangu Kristofa yuko shule ya bweni. Naomba tusipoteze siku nyingi kwa maswali.

Mahona Januarius


Wodi ya Wanawake,
25 Januari 1975

Baba Kristofa,

Sisi hatujambo. Mama jana alisimama kwa magongo akahesabu hatua tisa, ya kumi akasema itoshe, asije akazimaliza zote siku moja.

Hicho kiwiko ulichoomba nimekipima. Nimefumua uzi kwenye pindo la kanga yangu, nikakanyaga ncha moja na kufunga fundo pale kiwiko kilipofika. Uzi uko humu kwenye bahasha, usiuvute. Mama aliuliza unapimwa wa nini. Nilipomwambia, akauliza kama vitu vyake bado viko bafuni: jiwe lake la kusugulia miguu na kanga yake ya zamani. Nikasema viko, nani angevigusa. Akauliza tena, "Kwa hiyo hakuna aliyeingia?" Nikasema hakuna.

Msimamo wake haujabadilika. Jana amemwambia muuguzi kwamba mdogo wake Sayi atakuja kumchukua, na Sayi mwenyewe hana habari. Namjua mama yangu. Anataka kurudi nyumbani kuliko anavyosema, lakini kuogeshwa na mtu hataki, hata nikiwa mimi.

Daktari mpya alikuja akamuuliza alilala chini muda gani siku ile kabla hajapata msaada. Akasema muda kidogo. Daktari akasema, kwa jinsi alivyofika, haiwezekani. Mimi nilikuwa Nassa msibani, na wewe uliniambia ulipotoka ghalani ulimkuta jirani yetu Philomena ameshamtoa. Ukimwona Philomena muulize ilikuwa saa ngapi, ili nimjibu daktari.

Mkeo,
Klementina


Binza,
8 Februari 1975

Ndugu Karani,

Uzi wa kiwiko ulionitumia umefika. Mkeo angekuwa fundi mzuri. Amefunga fundo mara mbili ili lisihame. Nimeweka ukingo wa sinki vidole vinne chini ya kiwiko.

Kabati limekwisha na limeondoka leo asubuhi kwa lori, limefungwa kwa magunia. Upana wake ni futi nne kamili, nimeacha inchi moja kila upande ya kupumulia. Miguu sita, milango miwili, na rafu moja ya juu kwa sabuni ili mama asiitafute chini. Kina chake nimekifanya inchi kumi na sita tu, maana "nafasi inatosha" si kipimo ninachokijua, nimebahatisha mlango upite. Kona za mbele nimezipiga msasa zikawa mviringo. Mtu mzee akiyumba ataegemea kona, na kona kali inaumiza.

Hizo kuta zako zilizonyooka ningependa kuziona siku moja kabla sijafa.

Siwema anasalimu. Amefurahi kitanda kimepumua.

Gharib


Bariadi,
13 Februari 1975

Ndugu Gharib,

Kabati lilifika juzi. Ni zuri, lakini haliingii.

Dereva na utingo walilifikisha koridoni, wakalitanguliza mlangoni mwa bafu. Lilipita mlango kwa urefu wake, lakini walipotaka kuligeuza likae mahali pake likagota ukuta huu na ukuta ule. Dereva anakadiria limezidi inchi kumi. Wakalitoa. Sasa liko koridoni, napita kwa ubavu kwenda chumbani na kurudi.

Mimi nilikupa vipimo vitatu kwa maandishi. Naamini ulikosea kusoma au ulichanganya na kazi nyingine, kwa kuwa una madawati mengi. Zimebaki siku thelathini mama atoke. Naomba unieleze utafanya nini.

Mahona Januarius


Binza,
17 Februari 1975

Mahona,

Leo ukarani naweka kando. Barua yako ya tarehe kumi na saba Januari iko hapa mbele yangu, nimeichomeka kwenye msumari juu ya benchi la kazi tangu siku ilipofika. Imeandikwa kwa mwandiko wako mzuri wa ofisini: futi nne inchi mbili, mara tatu. Kabati nimelipima mara ya mwisho mbele ya Siwema kabla halijapanda lori. Futi nne. Kama nimekosea kusoma, basi sijui kusoma, na baba yangu aliyenifundisha kazi hii Tabora alinidanganya.

Kosa langu ni moja, nalikubali. Nilipoona namba tatu zinazofanana nilijua hapana. Tangu nishike randa sijaona ukuta uliofanana chini, katikati na juu. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ulisema tusipoteze siku kwa maswali na mimi nilikuwa na mwenyekiti mlangoni.

Leo nimekaa nikafikiri. Limezidi inchi kumi. Mimi niliacha mbili. Jumla kumi na mbili. Tofali la kwenu huko ni inchi sita, na bafu lina ukuta huku na ukuta kule. Sita na sita ni ngapi, wewe mtu wa mizani? Umenipimia nyumba, hukunipimia bafu. Kila msimu unapima pamba ya watu na kutoa uzito wa gunia, na ukuta umeshindwa kuutoa.

Nijibu swali moja tu. Nani alishika ncha ya pili ya futikamba?

Gharib Salimu


Bariadi,
20 Februari 1975

Ndugu Gharib,

Nakuomba radhi kwa barua yangu ya tarehe kumi na tatu. Ulisoma sawasawa.

Ncha ya pili haikushikwa na mtu. Niliibana kwa jiwe, nje, kwenye kona ya bafu linapotokeza nyuma ya nyumba, nikavuta mpaka kona yake ya pili. Nilipima mara moja tu. Zile mbili nyingine niliziandika mezani.

Umekaa na Wasukuma muda mrefu, unajua. Mahali anapooga mama mkwe, mkwe wa kiume hakanyagi. Mimi na mama tunasalimiana yeye akiwa ameangalia pembeni na mimi nimeangalia pembeni, na akiwa na jambo anampitishia Klementina. Tangu alipohamia kwangu sijavuka kizingiti cha bafu lile. Naogea uani. Alipolazwa nilifika mlangoni na futikamba mkononi, nikaiona kanga yake kwenye msumari, nikarudi. Ofisini nasoma na kuandika, na vijana wanaona mambo haya yamepitwa na wakati. Mguu wangu haukukubali.

Baada ya barua yako nilimwomba Philomena, jirani yetu, aingie anipimie, maana ni mwanamke na ni dakika chache. Akasema, "Siku ile niliingia mimi. Safari hii ingia wewe." Akaendelea kupepeta mtama wake.

Nifanye nini?

Mahona


Binza,
23 Februari 1975

Mahona,

Nilipofika kwenye jiwe nilicheka mpaka Siwema akaja na mwiko kuuliza kuna nini. Kisha nikafika kwa yule jirani, nikasoma mara mbili, nikaacha kucheka. Sijui siku ile kulikuwa na nini na sikuulizi. Nimeshikwa na mambo yangu ya kutosha.

Kabati linaweza kupunguzwa. Nitaling'oa miguu ya kulia, nikate, niunge upya. Sinki lenyewe ni inchi ishirini tu, litakaa. Lakini sikati mbao kwa kutoa sita na sita kichwani. Nikikosea mara ya pili hakuna mninga wa kurudishia. Nataka vipimo vya ndani, vitatu.

Ningeweza kukuambia mtafute mwanamke mwingine, au mwashi yeyote. Lakini bafu lina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai na ana akili zake zote. Muulize yeye nani aingie. Na kama kuna jingine la kumwambia, karatasi ni hiyohiyo.

Fanya haraka. Mwenyekiti nitamwambia madawati yamepata mafua.

Gharib


Bariadi,
26 Februari 1975

Mama Kristofa,

Barua hii ni ya kumsomea Mama. Isome kwanza peke yako, ukasirike, ndipo umsomee. Usiruke chochote.

Mama, shikamoo.

Kabati la kunawia limetengenezwa likazidi, kwa sababu nililipima bafu kwa nje. Nilipima kwa nje kwa kuwa ni mahali pako. Sasa fundi anataka vipimo vya ndani, nami nakuuliza nani aingie.

Liko na la pili. Nilimwambia Klementina kwamba siku ile nilikuta Philomena ameshakutoa. Si kweli. Nilitoka ghalani saa sita mchana nikakusikia ukiugua. Nilifika mpaka mlangoni. Nikasimama. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Komeo lile nililifunga mimi kabla hujahamia, na najua kisu kinapita kwenye ufa na kulinyanyua. Kisu kilikuwa jikoni, hatua nne. Sikukichukua, na sikusema neno. Nilikwenda kumtafuta Philomena, na Philomena alikuwa anapalilia pamba upande wa pili wa mto. Tuliporudi ilikuwa karibu saa nane. Alichukua kisu akafungua mara moja, mimi nikiwa nimesimama uani.

Daktari akiuliza tena, ni muda huo. Karibu saa mbili.

Sikuogopa kazi wala damu. Niliona aibu, ya kwangu na ya kwako, nikaona bora ungoje. Nimeifikiria aibu ile kila siku tangu hapo na sioni tena ilikuwa na maana gani. Kabati hili nililiagiza ili nisikwambie.

Ukiamua kwenda kwa Sayi sitakuwa na la kusema, na nitakupeleka mwenyewe.

Mkwe wako,
Mahona


Wodi ya Wanawake,
2 Machi 1975

Baba Kristofa,

Haya ni maneno ya Mama, mimi naandika tu kama anavyosema.

Wabeja, asante, Baba Kristofa, barua nimesomewa. Klementina ameisoma akilia kwa hasira, nikamwambia asome polepole, wino si wake.

Hukunieleza jipya. Nilikusikia. Viatu vyako vya ofisini vina chuma kwenye kisigino, hakuna mwingine nyumba ile anayetembea na chuma. Nilisikia vimekuja, vimesimama. Kivuli chako kilikuwa chini ya mlango. Uliposimama mimi niliacha kuugua. Niliuma kanga. Nilikuwa sina nguo, nimelala kichwa kwenye ukuta wa dirisha, miguu nimeikunja kwenye ukuta wa pili maana haikunyooka. Nikasema moyoni, mkwe wangu asinione hivi. Halafu nikasema, na aingie. Halafu tena asiingie. Ningeweza kukuita. Nilikuwa na sauti. Viatu vilipoondoka ndipo nilipolia, na nililia kwa mambo yote mawili, kwamba umeondoka na kwamba sikukuzuia.

Daktari nilimwambia muda kidogo kwa sababu ile. Wewe ulificha yako na mimi nikaficha yangu. Na huko kwa Sayi nilikosema nitakwenda, nilisema kwa sababu hiyo pia. Sikujua nitaupitaje mlango ule wewe ukiwa koridoni.

Sasa unauliza nani aingie. Tulichokuwa tunakiheshimu mle ndani ni mimi, na mimi sipo, niko huku nakula uji wa hospitali. Kanga yangu itoe msumarini, ikunje, iweke kwenye sanduku langu. Jiwe liache. Ukishaitoa kanga hicho ni chumba chenye kuta nne, ni chako, ulikijenga wewe. Usimtume Philomena. Ingia wewe, baba, upime.

Hayo ndiyo maneno yake. Mimi nina yangu na wewe, lakini tutayaongea nyumbani, tukiwa tumeketi.

Klementina


Bariadi,
6 Machi 1975

Ndugu Gharib,

Chini, futi tatu inchi mbili na nusu.
Kiunoni, futi tatu inchi mbili.
Juu, futi tatu na robo tatu ya inchi.

Ukuta wa dirisha umelala kwa ndani kuanzia usawa wa bega. Mlango ukifunguka unafika inchi kumi na saba kutoka ukuta wa nyuma, kwa hiyo kina ulichobahatisha kimepita kwa inchi moja. Ukingo wa dirisha una lipu iliyovimba upande wa kushoto, ukubwa wa ngumi.

Nimepima kila kimoja mara mbili, kwa ndani. Ncha ya pili alishika Philomena. Hakuombwa, alisikia mlango ukifunguka akaja.

Kabati limepanda lori leo kurudi kwako. Mama anatoka Jumamosi ya tarehe kumi na tano.

Mahona


Binza,
11 Machi 1975

Ndugu Karani,

Sasa umeniandikia bafu. Kuta zinazolala, lipu iliyovimba, ndiyo nyumba ninayoijua. Kwa hesabu ya kutoa sita na sita kabati lingekaa chini, lakini rafu ya sabuni ingegota huko juu, tungeanza upya.

Limekatwa, limeungwa, linarudi na lori la kesho. Upana futi tatu na inchi moja. Rafu nimeipunguza peke yake ifuate ukuta. Milango imekuwa mmoja. Kipande kilichobaki cha mninga sikukitupa, nimekichonga mpini wa kushikia, mrefu kama mkono, wa kufungwa ukutani upande wa kushoto wa mlango, usawa wa fundo la ule uzi. Funga kwa skrubu ndefu, si misumari. Ning'inia mwenyewe kwanza. Ukikubeba wewe na tumbo lako la ofisini utambeba na mama.

Mwenyekiti amekuja leo akaona dawati moja tu limeongezeka. Nilimwambia nilikuwa na mgonjwa. Akaniuliza nani, nikasema ni kabati.

Gharib


Bariadi,
27 Machi 1975

Ndugu Gharib,

Naandika kukujulisha kwamba kazi imekamilika.

Kabati liliingia bila kusukumwa. Kwenye rafu, upande wa dirisha, inapita karatasi moja, nilijaribu. Mpini nimeufunga kwa skrubu nane na nimening'inia. Pipa liko juu ya nguzo na maji yanashuka vizuri, ila bomba la kutoa lilivuja siku ya kwanza nikalifunga upya kwa katani. Ufa wa sinki hauvuji, kama ulivyosema.

Mama alirudi tarehe kumi na tano mchana. Sikuwepo koridoni aliposhuka garini. Nilidhani ni vizuri nikae ghalani mpaka atulie. Klementina akanifuata, akasema Mama anauliza kama mtu wa viatu vya chuma amehama. Nikarudi. Tulisalimiana kama zamani, kila mtu akiangalia pembeni. Kisha akaingia na fimbo yake, akafunga mlango, tukasikia maji yanafunguliwa na kufungwa, yanafunguliwa na kufungwa. Alikaa mle muda mrefu. Alipotoka alimwambia Klementina kwamba kiwiko kimekaa, lakini fundi aliyeweka sabuni upande wa kushoto ajue yeye hutumia wa kulia. Nimeshaihamisha. Habari za kwa Sayi hazijatajwa tena.

Asubuhi ya pili alimpa Klementina maagizo, mimi nikiwa hapohapo nasikia. Komeo la mlango lile litolewe. Akiwa ndani ataning'iniza kanga yake nje ya mlango. Tukiona kanga tupite. Tukisikia kishindo, aliye karibu aingie, awe nani. Klementina anashinda shambani siku hizi, na Kristofa yuko shule. Kwa hiyo aliye karibu mchana ni mimi. Mama anajua hivyo, na alipolisema hilo la mwisho aligeuza uso akaniangalia. Ni mara ya kwanza kuniangalia tangu nimuoe binti yake.

Komeo nililitoa siku hiyohiyo. Nimelifunga kwenye gazeti pamoja na barua hii, utapata mteja wa kulitumia. Skrubu zake ni nne. Moja imeliwa kichwa, kwa sababu siku nilipolifunga niliikaza kupita kiasi.

Wako,
Mahona Januarius